Aliye Juu

Baba alipopata sukari
daka letu lilijaa mpaka watu wakasimama.
Supu ikaja kwa sahani za jirani,
mapapai, dua, majina ya majani ya kuchemsha.
Mzee Shekuwe akavua kiatu
kutuonyesha pengo la kidole alichokatwa,
tukacheka, na baba akacheka.

Alipougua Barke, dada yangu,
yeye aliyenisuka nywele kwa kuhesabu,
alipokesha siku tisa
akisema zidaka za ukutani zinamnong'oneza,
hakuja hata wa kudai sahani yake.

Mtaa wetu wa Mkomani ni mwembamba,
upana wa punda mmoja na mzigo wake.
Huwezi kumkwepa mtu ukahamia ng'ambo;
ng'ambo hakuna.
Basi watu wakajifunza kusoma ukuta.
Walipita kwetu shingo zimegeuka,
wakichungua chokaa na matumbawe
kama waliotumwa kuyahesabu.
Punda pekee hakugeuza shingo.

Maneno yalikuwa mengi, jina la ugonjwa halikuwamo.
Ana kitu. Ana watu. Kasoma kupita kiasi.
Ni ile mali ya babu yao.
Mama naye akachagua la kwake:
"Yuko Mombasa, kwa khalati yake."

Mombasa yetu ilikuwa ngazi kumi na saba,
mlango wa mvule, kufuli la nje.
Nilikwenda Mombasa asubuhi na jioni
na bakuli la uji,
nikarudi na ndoo.

Aliye juu, mngoje chini.
Tulimngoja miaka minne.
Angeshukaje?
Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mama.

Vidonge nilivichukua mimi,
nikavifunga kwa karatasi ya kashata.
Daktari, mwanamke mfupi asiyeishiwa mafua, aliniambia:
"Huu ni ugonjwa. Una jina, una dawa,
na si siri ya serikali."
Nilicheka.
Kisha cheti nikakificha kifuani.

Ikaja posa yangu.
Wanawake sita, ubani, kahawa ya tangawizi.
Mama akanishika kifundo cha mkono:
"Sinene, mwanangu."
Nikamimina.
Aliyeketi kati akauliza,
kwa upole wa mtu anayejua tayari,
"Nyinyi mko wangapi kwa mama yenu?"

Juu, Barke akaburuta kiti.

Macho yote yakapanda kwenye boriti.
Miaka minne, na ndiyo kwanza
watu wanaitazama nyumba yetu.
Nikasema: Wawili.
Huyo ni dada yangu. Anaumwa.
Kahawa ilinyweka upesi siku ile,
na moto wake wote.

Nisiwadanganye, posa haikurudi.
Mama hakusema nami mpaka Mfungo Sita.
Ningependa kuandika kwamba kufuli nililitupa baharini;
liko kabatini, chini ya mashuka,
sikuwa shujaa kiasi hicho.
Barke siku nyingine hushuka,
hukaa dakani akamenya vitunguu.
Siku nyingine hashuki,
nami hupanda, mlango uko wazi,
tukanyamaza pamoja.

Lakini siku ya tatu baada ya posa,
alasiri imeshasaliwa,
mmoja wa wale sita alibisha mlango wa nyuma,
buibui kalishika kidevuni.
Hakukaa. Aliomba jina la daktari.
"Haja si yangu. Ni ya jirani."

Nikamwandikia.
Nikamwambia, mwambie jirani aende Jumanne,
foleni ni fupi.
Akaikunja karatasi mara nne, mara tano,
mpaka ikawa ndogo kama kidonge.

"Na huyo jirani," nikauliza, "yuko Mombasa?"

Akanitazama. Mimi, si ukuta.

"Mwaka wa saba huu," akasema.